Karafuu, Mwarobaini na Gundi ya Jino: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuziba Tundu

Kabla hujaketi kwenye kiti cha daktari wa meno, mwambie kila kitu ulichotia katika tundu la jino wiki hiyo: mafuta ya karafuu, kitunguu saumu, unga wa mkaa, majani ya mwarobaini yaliyopondwa, dawa ya kung'arisha meno uliyoiagiza kwa simu. Usibakishe hata kimoja. Wagonjwa wengi huficha mambo haya kwa kuogopa kukaripiwa, na daktari asipouliza hubaki siri. Hasara ni ya mgonjwa mwenyewe. Kijazo cheupe hushikamana na jino kwa gundi, na baadhi ya dawa zinazotuliza maumivu usiku ndizo zinazoizuia gundi hiyo isikauke vizuri asubuhi.

Suala hili linawahusu watu wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na meno yaliyooza. Zamani mengi ya meno hayo, yaliponusurika koleo, yalizibwa kwa amalgamu, ule mchanganyiko wa rangi ya fedha ambao karibu nusu yake ni zebaki. Amalgamu haihitaji gundi. Daktari hulichonga tundu liwe pana chini na jembamba juu, kisha kijazo kinabanwa humo kisitoke. Tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Kenya imejiunga nao, nchi zimekubaliana kupunguza matumizi ya zebaki kwenye meno, na vijazo vyeupe vimechukua nafasi. Hivi havibanwi na umbo la tundu pekee. Hugandishwa. Ndiyo maana usafi wa tundu umekuwa na uzito mkubwa kuliko ulivyokuwa enzi za wazazi wetu.

Elimu ya kugandisha kijazo ilianza mwaka 1955, pale Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester, Marekani, alipoandika kwamba asidi ya fosforasi ikipakwa juu ya jino kwa muda mfupi, rezini hushika vizuri zaidi. Alijua kwamba viwandani asidi hiyo ilitumika kutayarisha chuma kabla ya kukipaka rangi. Asidi hula uso wa jino kidogo tu, kiasi kisichoonekana kwa macho, na kuacha vishimo vingi vidogo. Rezini ikiwa bado majimaji huingia humo, kisha ikikauka inakuwa imejifungia ndani. Anayeziba pancha pale stendi ya bodaboda hufanya kazi ya namna hiyo: hukwaruza tyubu, huifuta, hupaka solusheni, hungoja, ndipo abandike kiraka. Akiruka hatua moja, kiraka kinabanduka kabla abiria hajafika mtaa wa Langas, Eldoret.

Gamba gumu la nje la jino, yaani enameli, ni rahisi kugandishiwa kwa sababu takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Kazi ngumu iko chini yake, kwenye dentini. Hii ina madini kama asilimia 70, na sehemu iliyobaki ni maji na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Ndani yake mna mirija midogo sana inayoelekea kwenye kiini cha jino, na mirija hiyo ina unyevu daima. Gundi ya rezini kwa asili haipatani na maji. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Japani alieleza namna gundi inavyoweza kupenya kati ya nyuzi za kolajeni zilizofunuliwa na asidi na kutengeneza tabaka la mchanganyiko, nusu jino na nusu rezini. Uimara wa kijazo chako unategemea tabaka hilo, ambalo ni jembamba mno kuliko unywele.

Sasa fikiria kinachotokea daktari anapomaliza kuchonga. Tundu linaonekana safi, lakini kuta zake zimefunikwa na utando wa vumbi la jino, mate na bakteria. Ama utando huo unaondolewa kwa asidi ya asilimia 35 hadi 37 kwa takriban sekunde 15 na kusafishwa kwa maji, ama inatumika gundi ya kisasa ambayo ina asidi yake ndani na haioshwi. Tofauti hiyo ni muhimu. Penye kuosha, mabaki mengi ya dawa yoyote iliyotangulia huondoka na maji. Pasipo kuosha, kilichopakwa kabla ya gundi hubaki chini yake.

Madaktari wengine huongeza hatua ya kuua bakteria. Dawa inayotumiwa sana ni klohekisidini ya asilimia 2, ndugu wa ile hafifu inayouzwa kama maji ya kusukutua. Ina sifa ya ziada: huzuia vimeng'enya vilivyomo ndani ya dentini yenyewe ambavyo, miezi na miaka ikipita, hutafuna kolajeni iliyoshikwa na gundi. Faida hiyo imeonekana wazi zaidi maabara kuliko vinywani mwa watu. Dawa nyingine, sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo kiini cha maji ya kung'arishia nguo, huua bakteria vizuri sana na hutumika kusafisha mizizi ya jino. Lakini huacha oksijeni kwenye dentini, na oksijeni huzuia rezini kukauka. Peroksaidi iliyomo katika dawa za kung'arisha meno hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, ukiwa umeng'arisha meno, ngoja wiki moja hadi mbili kabla ya kuweka kijazo cheupe, isipokuwa jino linauma na haliwezi kungoja.

Tuje kwenye karafuu, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi majumbani na ndiyo yenye utata. Unguja na Pemba zimeipeleka karafuu duniani tangu karne ya 19, na mafuta yake hayakosi katika maduka ya dawa mjini Eldoret. Yanapunguza maumivu kweli. Kitu kinachofanya kazi hiyo ni yujenoli, na madaktari wenyewe huichanganya na unga wa oksaidi ya zinki kutengeneza kijazo cha muda, kile chenye harufu unayoikumbuka tangu utotoni. Tatizo ni kwamba rezini hukauka kwa mfululizo wa chembechembe zinazoshikana moja baada ya nyingine, na yujenoli hudaka chembechembe hizo na kukata mfululizo. Rezini iliyo karibu nayo hubaki laini, na gundi haiwi na nguvu inayotakiwa. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba athari ni kubwa katika siku ya kwanza na hupungua sana baada ya takriban wiki moja, hasa dentini ikikwanguliwa tena na kuoshwa kwa asidi.

Sisemi mtu avumilie maumivu usiku kucha kwa ajili ya gundi. Nasema hivi: kama una miadi, acha mafuta ya karafuu siku kadhaa kabla, utumie dawa ya kumeza ya maumivu kama utakavyoelekezwa na mwuza dawa, na usukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji ya chumvi hayana ubaya wowote kwa gundi. Kama umekwisha kuyatia mafuta, sema: "Daktari, jana usiku nilitia mafuta ya karafuu." Maneno hayo machache yanambadilishia mpango. Anaweza kuchonga zaidi kidogo, kuosha kwa asidi badala ya kutumia gundi isiyooshwa, au kuweka kijazo cha muda kisicho na yujenoli na kukupa tarehe nyingine. Usiweke aspirini kwenye ufizi, inauchoma. Maji ya betri na petroli visikaribie kinywa kabisa.

Vipi mwarobaini, mti wa mswaki, shubiri na ile gundi ya kahawia ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga? Watafiti wa nchi mbalimbali wamevijaribu vyote kama dawa za kusafishia tundu kabla ya kijazo. Nimefurahi kuona mimea yetu inachunguzwa kwa uzito. Hata hivyo, ni vizuri kuelewa majaribio hayo yanafanywaje. Huchukuliwa meno yaliyong'olewa, yakachongwa, yakapakwa dondoo ya mmea iliyopimwa na kuchujwa, yakazibwa, kisha mashine ikakisukuma kijazo mpaka kikang'oka. Nguvu iliyotumika huandikwa kwa megapaskali, ambapo megapaskali moja ni kama uzito wa kilo 10 juu ya eneo la sentimita moja ya mraba. Katika majaribio mengine dondoo za asili hazikudhoofisha mshiko ukilinganisha na maji au klohekisidini. Katika mengine zilidhoofisha, na aina ya gundi ilikuwa na uzito kama mmea wenyewe. Jino lililo mezani halina mate, halitafuni githeri, halina ulimi. Kwa hiyo matokeo hayo yanampa daktari sababu ya kuendelea kutafiti. Hayakupi wewe sababu ya kuponda majani na kuyashindilia tunduni, kwa kuwa majani mabichi yana nyuzi, mafuta na vumbi ambavyo dondoo ya maabara haina.

Mti wa mswaki, unaostawi kwenye nyanda kame za Baringo na Turkana, una heshima yake mahali pengine. Kijiti chake kikitumiwa vizuri husugua utando wa meno na kuzuia matundu mapya, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuhimiza matumizi yake mwaka 1986 palipo na desturi hiyo. Endelea nao kabla na baada ya kuzibwa, bila kuuchokoa ukingo wa kijazo kwa ncha ngumu. Unga wa mkaa ni jambo jingine. Hukwaruza enameli na chembe zake hujificha kwenye nyufa, ambako huwa kazi ya ziada kuzitoa na huonekana kama mstari mweusi kandokando ya kijazo cheupe.

Chai nayo imeingia maabara. Chai ya kijani ina viambata vinavyovizuia vile vimeng'enya vinavyotafuna kolajeni, na watafiti wameijaribu dondoo yake juu ya dentini kabla ya gundi, wakaona dalili za mshiko kudumu zaidi. Anayeishi karibu na mashamba ya chai ya Nandi angependa kusikia habari hiyo, nami pia. Ila chai nyeusi, ile tunayoipika, imepoteza sehemu kubwa ya viambata hivyo inapochachushwa kiwandani. Tukiinywa kwa maziwa na vijiko vitatu vya sukari mara tano kwa siku, sukari inawapa bakteria chakula kila mara, na jino litaoza pembeni mwa kijazo kipya hata kama kilipakwa gundi bora duniani.

Bado wapo wazee wanaotumia mtunguja, ambao Wakalenjin huuita labotwet, kwa maumivu ya jino, na wapo waganga wanaofukiza moshi wa mbegu ili "kumtoa mdudu". Nawaheshimu waliotunza elimu ya miti shamba, lakini hili liwe wazi: hakuna mnyoo ndani ya jino. Ni bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi. Matunda ya mtunguja yana sumu, wasipewe watoto. Na hata kama dawa ingeua kila bakteria tunduni leo, tundu likiachwa wazi wengine watajaa humo kabla ya kesho kutwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mgonjwa alielewe. Kinachozuia uozo usiendelee ni kufungwa kwa tundu lisipitishe kitu, kuliko dawa yoyote ya kusafishia. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa uozo wa meno lilipendekeza kwamba katika tundu refu daktari asichimbe mpaka kila alama ya dentini laini iishe, maana anaweza kukitoboa kiini. Anasafisha kingo mpaka ziwe ngumu kabisa, anaacha laini kidogo juu ya kiini, kisha anafunga. Bakteria waliobaki chini, wakikosa sukari, hufifia. Kwa hiyo ukisikia daktari akisema ameacha sehemu kidogo makusudi, usidhani amekupunja. Mwulize tu kama kingo zote zimekaa juu ya jino gumu na kavu.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila mashine wala umeme: uozo unatolewa kwa vifaa vya mkono, tundu linajazwa kwa simenti ya glasi ionoma. Shirika la Afya Duniani liliutangaza ulimwenguni utaratibu huo mwaka 1994. Simenti hiyo, iliyobuniwa na Wilson na Kent huko Uingereza, haitegemei tabaka la rezini. Hushikana na kalisi ya jino kwa kemia, huvumilia unyevu zaidi, na hutoa floraidi polepole. Usafi wake ni rahisi: pamba iliyolowa maji safi, asidi hafifu kwa sekunde 10 hadi 15, pamba ya maji tena, kisha pamba kavu. Mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu za shirika hilo. Kwa mtoto anayepapatika kitini, au jino lililokwisha kulowekwa karafuu, au zahanati ambayo stima hukatika, mimi ningeichagua simenti hii badala ya kijazo cheupe cha rezini kilichowekwa penye mate. Haing'ai sana na huchakaa mapema kwenye sehemu kubwa za kutafunia, lakini inaweza kuongezewa au kufunikwa baadaye.

Kuna kundi jingine linalohitaji uangalifu: waliokulia Nakuru, Baringo na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana floraidi nyingi. Meno yao huwa na madoa ya kahawia au meupe kama chokaa. Enameli ya namna hiyo hubisha asidi, na muda wa kawaida wa kuipaka huenda usitoshe. Daktari hulazimika kuikwangua kidogo au kuongeza muda. Kama ulikulia huko, mweleze ulikunywa maji ya wapi utotoni, hata kama umehamia mtaa wa Kapsoya, Eldoret, miaka mingi iliyopita.

Siku ya kazi, piga mswaki nyumbani na utoe mabaki ya chakula. Ufizi unaotoka damu ni adui mkubwa wa gundi, kwa hiyo kama wako unavuja, uliza kama unaweza kusafishwa kwanza na kurudi baada ya wiki moja. Ukishapakwa asidi na kuoshwa, usifunge mdomo, usiguse kwa ulimi, usiombe kutema. Ukihisi mate yamefika kwenye jino, inua mkono. Daktari makini hatakasirika. Ataosha, atakausha na kurudia hatua hiyo, kazi ya dakika mbili. Atazungushia pamba au atavisha jino kipande cha mpira, na ukiona hakuna hata kimoja kati ya hivyo, uliza. Kijazo cheupe kirefu huwekwa kwa tabaka za takriban milimita 2, kila moja ikimulikwa taa ya buluu. Anayejaza tundu lote kwa mpigo na kumulika mara moja kwa rezini ya kawaida anakuachia sehemu ya chini isiyokauka.

Hakikisha pia anayekuhudumia amesajiliwa. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya hutoa leseni kwa madaktari wa meno, na una haki ya kuomba kuiona. Eldoret haina upungufu wa mahali pa kuanzia, kwa kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko mjini na Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya udaktari wa meno.

Ukizibwa kwa simenti ya glasi ionoma, usile kwa muda wa saa moja. Kwa rezini, subiri tu ganzi iishe usije ukajiuma. Jino kushtuka kwa baridi siku chache za mwanzo ni kawaida. Likiuma unapong'ata, huenda kijazo kiko juu mno, na kinasawazishwa kwa muda mfupi. Rudi, usisubiri kizoee. Tumia dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku, uteme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 atiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Maumivu yanayodunda usiku yenyewe bila kuguswa maana yake kiini kimeathirika, na hapo jino linahitaji tiba ya mzizi au kung'olewa. Uso ukivimba, ukipata homa, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, usitie kitu chochote tena jinoni. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.